Ng'ombe wa Mzee Nkwabi na Kamera Niliyojidai Kuijua

Mwanangu Atupele,

Salamu tumepeana asubuhi jikoni, kwa hiyo sizirudii. Sitakuandikia pia habari za kuvaa sweta, kwa sababu mtoto aliyekulia Uyole hafundishwi baridi ya Iringa, wala habari za kula vizuri na kuchagua marafiki. Hizo, shangazi zako wamekushibisha wiki nzima, na nimekuona ukiitikia huku macho yako yakiwa kwenye simu. Basi lako ni kesho asubuhi. Leo nimefunga studio mapema na kugeuza kibao cha mlangoni. Mteja mmoja wa picha za paspoti amegonga, nikajifanya sipo. Nimekaa kwenye meza ya kukatia picha, jua bado lipo, naandika.

Unanijua, mimi si mtu wa barua. Mimi ni mtu wa kusema, tena kwa sauti, mpaka wauza viazi wa ng'ambo ya barabara wanajua kwetu kumepikwa nini. Lakini hili nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nne wiki hii, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umeshafunga begi. Ni kuhusu picha za Mzee Nkwabi wa Madibira, zile ambazo nyumba hii nzima inajua kwamba uliziharibu wewe ukiwa na miaka kumi na mmoja. Hukuziharibu. Niliziharibu mimi, na nilijua hivyo tangu siku ile ile.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nimeinuka, nimezunguka chumba, nimepanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu hata ya kuangalia mwandiko wangu.

Kilichonisukuma ni Jumatatu. Uliingia na kamera yako, ile uliyoinunua kwa jasho lako la kuuza parachichi likizo mbili, ukaiweka mezani hapa hapa nilipoweka karatasi. Ulikuwa umeshafanya kila kitu ambacho mnunuzi mwenye akili anatakiwa kufanya. Ulikuwa umefungua menyu ukasoma namba ya toleo la programu yake. Ulikuwa umeingia kwenye tovuti ya kiwanda, ukaona kuna toleo jipya, ukasoma limerekebisha nini, ukahakikisha faili ni la kamera hiyo hiyo na si la ndugu yake anayefanana naye jina. Betri umeichaji ikajaa. Faili umeshaliweka kwenye kadi. Kilikuwa kimebaki kubonyeza tu. Ukaniambia, "Mama, nibonyezee wewe. Mikono yangu unaijua, ina gundu na kamera."

Nami nikabonyeza. Wewe ukarudi nyuma mpaka mlangoni, ukaficha mikono mgongoni na kusimama hapo mpaka kazi ikaisha, kama mtu aliyekatazwa hata kuipumulia. Msichana wa miaka ishirini na mmoja, anayekwenda chuo kusomea habari, anaogopa kugusa kamera yake mwenyewe. Nilikurudishia nikakwambia, "Tayari, mama, chukua." Ukasema asante. Nilipokea asante hiyo na kuiweka mfukoni kama yangu.

Sasa nikueleze kuanzia mwanzo, maana wewe ulikuwa mtoto na mambo mengi hukuyaona.

Mimi nilifundishwa kazi hii kwenye kamera za filamu. Kamera wakati ule ilikuwa kama sufuria: ukiinunua leo, kesho ni ile ile, na mwaka wa kumi ni ile ile imepata mikwaruzo tu. Nilijua kuifungua, kuisafisha, kusikiliza mlio wake nikajua inaumwa nini. Watu walikuja kutoka Mbalizi kuniletea kamera zao. Nilizoea kuwa mtu anayeulizwa. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu mtu aliyezoea kuulizwa anaona kuuliza ni kuvuliwa nguo.

Zilipokuja kamera za kadi nikajifunza kwa kuchungulia. Nilikuwa nakwenda kwenye harusi, namwangalia mpiga picha mwenzangu anabonyeza wapi, narudi nyumbani najaribu. Sikumuuliza mtu. Nikafika mahali nikapiga picha nzuri tu, watu wakaridhika, nikajiona nimemaliza.

Halafu nikanunua ile kamera kubwa. Unaikumbuka ilivyoingia nyumbani, baba yako akalifungua boksi kwa kisu cha jikoni nikamfokea. Niliinunua mjini Mbeya kwa kijana anaitwa Fadhili, mwenye duka dogo la kamera na vifaa vya simu. Kijana mpole, anavaa miwani, anaongea kama anaomba radhi. Aliiwasha mbele yangu, akaingia kwenye menyu, akasoma. Akasema, "Mama, hii imetoka na famwea ya kwanza kabisa. Imeshatoka nyingine. Uiapdeti kabla hujaingiza kazini, hasa kama utatumia kadi kubwa. Ukitaka nakufanyia hapa hapa, si muda mrefu."

Sikujua famwea ni nini. Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo. Na palikuwa na wateja wawili wamesimama pembeni, mmoja namfahamu, yule mpiga picha wa Mbalizi aliyewahi kuniletea kamera yake nikamtengenezea. Ningeweza kusema, "Famwea ndiyo nini, baba?" Maneno manne. Badala yake nilicheka, nikamwambia Fadhili, "Nimeanza kupiga picha wewe ukiwa bado unanyonya. Nitaifanya mwenyewe." Yule wa Mbalizi akacheka na mimi. Fadhili akainamisha kichwa, akafunga boksi.

Leo naijua, na wewe unaijua kunishinda, lakini niache niiseme ili ujue kwamba hatimaye nilijifunza. Ni ile programu inayoishi ndani ya kamera yenyewe. Ndiyo inayoiambia lenzi itafute sura ya mtu wapi, na picha ikishapigwa iandikwe sehemu gani ya kadi. Kamera inatoka kiwandani na toleo moja. Wenye kiwanda wakigundua kosa, wanaandika toleo jipya na kuliweka kwenye tovuti yao bure, pamoja na maelezo ya walichorekebisha. Kwa hiyo kamera mpya kwenye boksi si lazima iwe imekamilika. Inaweza kuwa imekaa kwenye boksi miezi mingi na kosa lake ndani, huku dawa imeshatoka. Mtu hujui mpaka uangalie.

Nilipofika nyumbani siku ile sikuangalia. Nilijiambia ni mambo ya simu yale. Unajua sokoni kwetu sasisho la simu linavyosemwa: linakula bando, simu inakuwa nzito, picha za WhatsApp zinapotea. Mimi mwenyewe nilikuwa mshauri mkuu wa jambo hilo. Mama wa nyanya akiniletea simu yake inadai kusasishwa, nilimwambia abonyeze "baadaye," na kesho yake ikidai tena abonyeze "baadaye" tena. Nilikuwa na uhakika kabisa. Tena nikajiongezea sababu: umeme wetu ukikatika katikati ya kazi je? Si kamera itakufa? Hapo palikuwa na ukweli kidogo, maana kamera ikizimika katikati ya kusasishwa inaweza isiamke tena. Lakini kamera inatumia betri yake yenyewe, betri ikijaa umeme wa nyumba haukuhusu. Hata hilo sikulijua. Nilichukua woga wangu nikauita busara, na nikautembeza mjini.

Wiki tatu baadaye akaja Shija.

Shija ni mtoto mkubwa wa Mzee Nkwabi, Wasukuma wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao zamani, yeye akiwa bado mdogo. Aliniambia baba yao ni mgonjwa, na amekubali kupigwa picha. Alilisema hilo kwa namna ambayo nilielewa ni jambo kubwa. Mzee alikuwa hajawahi kukubali. Watoto wake walikuwa wametawanyika, wengine Madibira, wengine Songwe, wengine walirudi Shinyanga, na sasa wote walikuwa wamefika kwa pamoja. Kila mmoja angepiga picha pamoja na mzee, yeye na familia yake. Nikanunua kadi kubwa kuliko zote zilizokuwepo dukani, nikaona nimejipanga kama mtaalamu. Ilikuwa likizo, nikakuchukua unishikie kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga.

Ulifanya kazi nzuri siku ile. Sijawahi kukwambia. Ulikuwa unasogea na kitambaa bila kuambiwa, ukiona kivuli cha kofia kimemfunika mzee macho unainama, unakipandisha. Mzee Nkwabi alikupenda. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, na kila baada ya familia moja alikuita: "Kabinti, njoo unionyeshe." Nawe ulimpelekea kamera, ukaishika kwa mikono miwili kama nilivyokufundisha, akaangalia kioo, akaguna. Picha ya yeye na binti yake wa mwisho aliitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu ndiye mimi? Basi nimezeeka vizuri." Watu wote wakacheka, na wewe ukacheka.

Wanawe walipoisha nikaanza kufunga vitu vyangu. Mzee akasema, "Na hao?" Akaonyesha zizi. Nikadhani anatania. Shija akaniambia pembeni, "Mama, piga tu. Hao ndio waliotusomesha." Basi nikapiga ng'ombe. Si kundi, hapana. Mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake, mzee anataja, Shija anamsogeza, mimi napiga. Na kila ng'ombe mzee alitaka apigwe mbele na ubavu. Nilipiga mpaka jua likawa chini na wewe ukawa unapiga miayo. Kadi ilikuwa kubwa, sikuwa na wasiwasi.

Tukalala kwao, kesho yake tukarudi. Kabla ya kuondoka nilizima kamera, nikakupa, nikasema, "Chomoa kadi, weka kwenye kiboksi chake." Ukaichomoa. Kamera ilikuwa imezimwa, mwanangu. Niliizima mimi kwa mkono wangu na taa yake nyekundu nikaiona imekufa. Hilo liweke akilini, maana miaka kumi nimekuacha ukiamini vingine.

Nilikuwa na harusi mbili, sikuifungua ile kadi. Siku ya kumi Shija akanipigia simu. Baba yao amefariki. Alihitaji picha moja ya mzee peke yake au na watoto, isafishwe kwa ukubwa wa kuwekwa mbele ya jeneza. Yuko njiani, anakuja mwenyewe Uyole kuichukua.

Nikaweka kadi kwenye kompyuta. Picha za mwanzo zikaja kijivu. Vijimraba vya kijivu, mstari baada ya mstari, hakuna hata moja inayofunguka. Familia ya kwanza, ya pili, ya binti wa mwisho, zote. Nikashuka chini, chini zaidi, ndipo picha zikaanza kufunguka, na zilikuwa ng'ombe. Ng'ombe safi kabisa, kila unyoya unaonekana. Nilikuwa na ng'ombe wa Mzee Nkwabi wote, mbele na ubavu, na Mzee Nkwabi mwenyewe sina.

Nikampigia Fadhili. Nakuapia, nilimpigia kabla Shija hajafika. Nikamweleza. Akaniuliza taratibu, "Mama, uliiapdeti?" Nikaanza kumweleza habari za umeme kukatika. Akasema, "Toleo lile la kwanza lina kosa na kadi kubwa. Picha zikifika kiasi fulani, inarudi kuandika mwanzoni mwa kadi, juu ya zile za kwanza. Ndiyo maana nilikwambia." Ng'ombe waliandikwa juu ya watu, Atu. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikakata. Kwa hiyo Shija alipoingia mlangoni nilikuwa najua. Nilikuwa na kama nusu saa ya kujua.

Ulikuwa umekaa pale kwenye kiti cha wateja, na sare za shule, unanywa chai. Shija alisimama na kofia mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia picha hazipo. Akasema, "Zimekwenda wapi, mama?" Naye alisema kwa adabu, kama anauliza njia. Ningemjibu tu. Ningesema, kamera yangu ilikuwa na kosa, niliambiwa nilirekebishe, nikaona aibu kusema sijui. Badala yake nilikunyooshea kidole. Nikasema, "Mtoto huyu aliichomoa kadi kamera ikiwa bado inaandika."

Hukubisha. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Uliniangalia kwanza, ukanitafuta usoni uone kama ni kweli, na mimi nikaukaza uso. Ukaweka kikombe chini. Ukaenda mbele ya Shija, ukapiga magoti pale kwenye sakafu, ukasema, "Shikamoo, baba. Naomba unisamehe." Na mimi nikakuacha ukapiga magoti. Nilikuwa nimesimama. Shija akakushika mkono akakuinua, akaniambia mimi, "Usimpige, mama. Mtoto ni mtoto." Nikamwahidi, kwa uso wa huruma, kwamba sitakupiga.

Walimzika bila picha. Shija alichukua picha moja ya ng'ombe, yule mweusi ambaye mzee alimtaja wa kwanza, akasema hata huyu anatosha, mzee alimshika pembe wakati napiga. Mkono wa mzee unaonekana pembeni, vidole vinne. Ndiyo picha pekee aliyonayo ya baba yake. Uliona akiichukua, na usiku ule hukula.

Ningeweza kukwambia kesho yake. Ningeweza kukwambia baada ya mwezi, baada ya msiba kupoa. Badala yake baba yako, ambaye naye nilimdanganya, akalifanya utani. Akaanza kukuita Mla Picha. "Mla Picha, nipe chumvi. Haya, ndaga, asante." Wageni wakija, hadithi inasimuliwa, watu wanacheka, na wewe ukajifunza kucheka nao. Nilikuwa nacheka pia. Baba yako usimlaumu, hakujua kitu, na nitamwambia leo hii hii. Mwenye kujua alikuwa mimi, na nilikuwa napakua wali huku nasikia mwanangu anaitwa jina ambalo ni langu.

Ukaacha kuja studio. Nilipokutuma uniletee lenzi ulikuwa unamtuma mdogo wako. Mara moja nikakukuta umesimama nje ya dirisha unaangalia ninavyompanga bibi harusi, na nilipokuita uingie ukasema una kazi za shule. Jicho lako nililijua. Lile jicho lililoona kivuli cha kofia bila kuambiwa. Nilijua nimelifungia nje, na ufunguo ninao, na sikufungua. Wakati mwingine nilijifariji kwamba utasahau, watoto husahau. Ulipoanza kupiga picha kwa simu, za mlima, za malori ya barabara kuu, za nywele za shangazi yako, nikafurahi nikajiona nimeshasamehewa kimyakimya. Ilikuwa rahisi kwangu kufikiri hivyo.

Ile kamera niliisasisha wiki moja baada ya mazishi. Nilifunga mlango huu huu, nikampigia Fadhili, nikamwambia, "Nielekeze, baba, sijui chochote." Akanielekeza hatua kwa hatua, bila kunicheka hata kidogo. Chaji betri. Angalia namba ya toleo. Pakua faili la kamera hiyo hiyo. Weka kwenye kadi tupu. Bonyeza, usiiguse, usiizime. Kale kamstari kakatembea mpaka mwisho, ikajizima, ikawaka. Maji ya chai niliyoyabandika yalikuwa bado hayajachemka. Nililia, mwanangu. Nililia kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo.

Wala usidhani baada ya hapo nilikuwa mwerevu. Mwaka uliofuata nikageuka upande wa pili, kila sasisho nalirukia. Asubuhi ya kipaimara, watoto wamesimama mstari kanisani, nikasasisha kamera nje kwenye ngazi, kisha nikaingia kupiga bila kuangalia kitu. Sasisho lilikuwa limerudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani, na picha zote zikatoka ndogo, hazifai hata kwa kalenda. Ile nayo nilisema ni mwanga mbaya wa kanisa. Unaona nilivyo. Kwa hiyo ukiniona nakwambia usisasishe siku ya kazi, soma kwanza maelezo yake, na ukimaliza piga picha kadhaa za majaribio uzifungue, ujue sikusoma hayo mahali popote. Nimeyalipia, na mara nyingi bili niliwapa wengine.

Chuoni Iringa mtakuwa wengi, na wengine watakuwa wanaongea kama waliozaliwa na kamera shingoni. Utakutana na neno usilolijua, mbele ya watu. Sijui utafanya nini. Mimi nakwambia tu nilichofanya, na kilikuwa na maneno manne tu ya kukizuia. Fadhili bado yupo dukani kwake, miwani imeongezeka unene, na mpaka leo nikipita namsalimia kwa heshima zote kama mkubwa wangu. Hajawahi kuniuliza ilikuwaje kwa Wasukuma wale.

Shija nitamfuata Madibira Jumamosi. Simu haitoshi. Alikusamehe kosa lisilo lako, na mimi nikaupokea msamaha huo kwa niaba yako huku ni wangu nimeuiba. Nitamwambia mbele ya mke wake na wadogo zake wakiwepo, kwa sababu wewe nilikuchongea mbele ya mtu. Akinifukuza, atakuwa na haki. Sikuombi unisindikize. Lakini nimetaka wewe ndiye ulijue kwanza, kabla yake na kabla ya baba yako.

Nisikufiche na hili la mwisho. Mpango wangu ulikuwa kuikunja barua hii na kuiweka kwenye begi la kamera, chini ya lenzi, uikute Iringa. Nilishatafuta hata bahasha. Ungeifungua chumbani kwako, peke yako, mimi nikiwa huku maili zote hizo, naogopa simu isiite na naogopa iite. Nimefika hapa nimeelewa kwamba huo ni ule ule ujanja. Ningekuwa nimekuacha tena umesimama na jambo langu, mimi nikiwa pembeni.

Kwa hiyo sijaiweka kwenye begi. Nitakuita sasa hivi uje studio, nikupe mkononi, na sitatoka mpaka umalize. Kama unasoma sentensi hii basi umekaa kwenye kiti cha wateja, na mimi niko hapa sakafuni mbele yako, nimepiga magoti kama nilivyokuacha upige wewe. Usiharakishe kuniinua. Sema kwanza unachotaka kusema, hata kama kitachukua mpaka asubuhi ya basi, hata kama ni kibaya. Safari hii nitasikiliza nikiwa chini.

Mama yako